Njia Iliyopumzishwa

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeisha, na sweta ulilonifumia nalivaa kila asubuhi hapa langoni mwa hifadhi.

Kuna neno la ofisini linanishangaza. Njia ya kwenda bwawani ikichoshwa na magari ya watalii, mamlaka "inaipumzisha": inaifunga msimu mzima ili majani yaote na viboko warudi. Nilimuuliza askari wa doria, "Njia inapumzikaje, mzee?"

Akacheka. "Kama wewe, karani. Isiposumbuliwa."

Ruhusa ni magari arobaini kwa siku, na mwandishi wa daftari ni mimi. Mwezi uliopita kila siku yalipita sabini. Mkuu wa lango akaniambia taratibu, "Mwanangu, andika arobaini. Njia ikifungwa, na kazi yako imekwenda."

Shangazi, niliandika sabini. Unajua nilivyo mwoga. Nadhani nilitaka tu kuona kama kweli majani yataota.

Jana barua ya makao makuu ilifika: njia ipumzishwe, "pamoja na karani wake." Sijui mimi nikipumzishwa nitaota nini. Mkuu hanisemeshi. Askari yule amesema kesho atanipeleka bwawani kwa miguu, niione siku ya kwanza isiyo na gari hata moja. Nitakwenda.

Mama usimwambie bado. Nitandikie kile kitanda cha dirishani.

Ni mimi mwanao,
karani wa lango, mpaka Ijumaa