Sitini na Tatu Ndani ya Moja

Jumatatu, 9 Juni
Chai, chapati, na hesabu tena. Mimi nasoma swali, Idrisa anajibu huku anafunga kamba za viatu. Laini moja ya simu, ile wanayoiita E1, ni megabiti ngapi? Mbili nukta sifuri nne nane. Ana sauti tamu hata akitaja namba. Ndoa ina mwezi mmoja na bado nikimwona anapiga mswaki uani nacheka peke yangu kama mwehu.
Usaili ni Ijumaa. Kampuni yao ya simu inahamisha laini za zamani kwenda kwenye mitambo mipya, na makaratasi yote yameandikwa kwa vipimo vya zamani. Wanataka fundi mmoja abaki hapa Korogwe, wa kuvigeuza bila kukosea. Asipopata yeye, atapelekwa Sumbawanga, mwisho wa nchi. Kazi yangu ya duka la dawa iko hapa. Chumba chetu cha Masuguru kiko hapa, bado kinanuka rangi mpya. Sumbawanga! Mkono umekuwa mzito kuliandika.

Jumanne, 10 Juni
Nimechanganyikiwa. E1 ina vijia thelathini na viwili, kila kimoja kilobiti sitini na nne. Nimezidisha, sawa, 2,048. Lakini vya kuongelea ni thelathini tu. Viwili vimekwenda wapi?
"Vile ni vya mitambo yenyewe kupeana habari, mama. Sisi wanadamu havituhusu." Akanibusu kwenye paji la uso. Nikasahau swali.
Halafu biti na baiti. Kifurushi cha simu yangu ni megabaiti. Kasi ni megabiti. Unagawa kwa nane. Kwa nini wasichague kimoja tukapumzika?

Jumatano, 11 Juni
Tumegombana. Mara ya kwanza. Kisa, namba!
Chati yake inasema njia kubwa, STM-1, inabeba E1 sitini na tatu. Kasi yake megabiti 155.52. Nikazidisha sitini na tatu kwa 2.048. Nikapata 129.024. Nikarudia. Ile ile. Megabiti ishirini na sita na ushee hazionekani. Nikamwuliza ziko wapi. Hakujua. Kumbe amekariri tu.
"Wewe soma swali, usitunge la kwako."
Imeniuma. Nikampakulia ugali bila kumtazama. Akala bila kunitazama. Nampenda sana na nilitaka kumrushia mwiko.

Alhamisi, 12 Juni
Baba kaja kutoka Kwaluguru na mahindi yetu. Hata shikamoo yangu hakuiitikia vizuri, kaingia analalamika. Wanunuzi wamemjazisha lumbesa tena. Gunia limejaa, wakaongeza kichwa juu, wakashonea kamba, na bado wakalihesabu gunia moja.
Idrisa akaacha kula. Akakimbilia madaftari yake ya chuo, akafunua, akafunua, akaanza kucheka.
"Mke wangu, zile ishirini na sita ni kichwa cha gunia! Anuani, ulinzi, nafasi zinazoachwa wazi. Njia inazibeba, mteja hazioni."
Baba akamkodolea macho. "Mkwe, mimi naibiwa, wewe unacheka?"
Niliona haya na nilifurahi kwa pamoja. Baba alipotoka uani kunawa, Idrisa alinishika mkono akaniomba msamaha. Mkono wake ulikuwa na mchuzi. Sikuuachia.
Ila bado sielewi. Kwenye lumbesa anayeibiwa ni baba. Kwenye STM-1 anaibiwa nani? Idrisa anasema hakuna. Basi nimepotea tena.

Ijumaa, 13 Juni
Amerudi. Amekaa kitandani, viatu bado viko miguuni.
Wamemwuliza lile lile. Kwa nini sitini na tatu hazifiki 155.52? Akafungua mdomo, maneno ya kitabu yakamkimbia yote. Akasema, "Ni lumbesa."
Wasaili watatu wakamtazama. Mmoja, mama mmoja mnene, akacheka mpaka akavua miwani. Idrisa akaeleza huku jasho linamtiririka. Hajui walicheka naye au walimcheka.
Neno la baba yangu. Swali langu mimi. Nisingekuwa mdadisi angekariri chati yake na kujibu kama wenzake. Nimejifungia bafuni nikalia, maji yamefunguliwa asinisikie. Sumbawanga.

Jumatano, 18 Juni
Simu imeita tukiwa mezani. Nafasi ya Korogwe kapewa mwingine. Nikaweka kikombe chini. Kisha: Sumbawanga haendi. Yule mama aliyecheka anamtaka Handeni, akawafundishe mafundi wapya kugeuza vipimo. Amesema Idrisa akieleza kitu, mtu anakiona. Atalala nyumba ya kampuni pamoja na wenzake. Nyumbani ni Ijumaa jioni hadi Jumapili.
Nikapiga vigelegele. Halafu nikakaa chini. Nifurahi? Nilie? Angejibu vibaya, ingekuwa Sumbawanga. Angejibu kama kitabu, labda angebaki nami. Kajibu vizuri kupita wote na ndiyo sababu anaondoka. Hesabu gani hii?
"Handeni siyo Ulaya, mama."
Kwangu ni Ulaya. Lakini ni Ulaya ya kurudi nyumbani kila Ijumaa. Nimemkumbatia mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 23 Juni
Amepanda basi la asubuhi. Alinipungia mkono dirishani, mkono mzima, bila kuona haya mbele za watu.
Nimefua. Mashuka, taulo, suruali zake za kazi. Jua limewaka vizuri.
Shati lake la bluu alilovaa jana sikulifua. Nimelikunja, nimeliweka upande wake wa kitanda.