Geti la Ng'ombe

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kitengela. Ijumaa, tarehe 17 Aprili 2026.
Kosa linalochunguzwa: kuharibu mali kwa makusudi, yaani geti na ukuta wa Mtaa wa Silvia Ridge.
Mshukiwa: Meitamei Leshan, mfugaji.
Shahidi: Valerie Nakhumicha, miaka 41, karani wa mapokezi katika kliniki ya meno, mkaazi wa nyumba namba tisa, Silvia Ridge.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Mwenyekiti wa kamati yetu, Bwana Gichuru, alituma ujumbe kwenye grupu ya mtaa akitaka mkaazi yeyote aliyemwona Meitamei akivunja geti aje aandikishe. Mimi niliona. Nimekuja, na ninaomba afande aandike yote, si ile nusu anayoitaka mwenyekiti.

Nianze na geti lenyewe. Mtaa wetu uko kwenye mteremko, vilima viko juu yetu na mto uko chini. Ardhi hiyo ilikuwa ya familia ya Meitamei. Walipotuuzia ploti waliacha kipande cha katikati, wakasema hicho hakiuzwi, ni njia ya ng'ombe kwenda majini, na Mmaasai hafungi njia ya kwenda majini hata kama ng'ombe ni wa mtu waliyekosana naye. Ni korongo fupi, na wakati wa kiangazi ukiliona utadhani ni bustani. Kamati ilipojenga ukuta wa mawe upande wa chini, iliweka geti la mabati mazito hapo njiani. Upande wa juu kuna seng'enge tu, na nafasi ya kupita. Kaloki, mlinzi wetu, alikuwa akifungua lile geti asubuhi na jioni, ng'ombe wanapita, maisha yanaendelea.

Mwezi wa Januari kamati ikaamua kinyesi cha ng'ombe kinaharibu sura ya mtaa. Walipanda nyasi, wakaweka bembea za watoto, wakaleta fundi akalichomelea geti lisifunguke tena. Meitamei alikuja kwenye mkutano na wazee wawili, wakaongea kwa heshima. Bwana Gichuru akawajibu, "Hii ni estate, si boma." Nilikuwepo, niliona haya kwa niaba yake, kwa sababu yeye mwenyewe hana.

Mnamo Jumanne tarehe 14 Aprili, mwendo wa saa tisa alasiri, nilikuwa kwenye geti kubwa nikinunua sukuma wiki. Ilikuwa siku yangu ya kupumzika. Mume wangu Sydney alikuwa kazini Nairobi. Nyumbani nilikuwa nimemwacha baba mkwe wangu, Mzee Elphas Barasa, ambaye alitoka Kimilili kuja kutibiwa mguu uliovunjika, na bado uko kwenye plasta. Kwetu jua lilikuwa linawaka, nguo zangu ziko kwenye kamba. Huko vilimani kulikuwa na wingu jeusi na radi za mbali.

Meitamei akafika na pikapu yake. Akamwambia Kaloki, "Fungua lile geti la chini saa hii. Ndugu yangu amenipigia simu kutoka juu. Maji yamebeba mbuzi zake, na yanakuja hapa."

Kaloki akasema, "Boss, hilo limechomelewa. Wacha niulize chairman."

Akapiga simu, akaweka spika. Nilisikia kwa masikio haya mawili. Bwana Gichuru alisema, "Kaloki, angalia juu. Kuna mvua? Huyo anataka kupitisha ng'ombe zake. Hilo geti likiguswa, wewe huna kazi."

Kaloki akaangalia juu. Hata mimi niliangalia juu. Hapo ndipo sisi watu wa kuja tulipokosea, afande. Kwetu mvua ikunyeshee kwanza ndipo uogope mafuriko. Hatukujua maji yanaweza kukujia mlangoni na nguo zako zimekauka kwenye kamba. Meitamei hakubishana. Aligeuza gari akaondoka, nami nikarudi nyumbani na sukuma zangu.

Haikufika nusu saa. Nilisikia mngurumo kama lori linamwaga mawe, halafu maji mekundu yakapita katikati ya mtaa na matawi, na ile seng'enge ya juu nzima nzima. Yakagonga ukuta wa chini. Maji hufuata mkondo, na mkondo wao ulikuwa umechomelewa, kwa hivyo yakaanza kupanda. Nyumba yangu ndiyo ya mwisho, karibu na huo ukuta. Sitii chumvi: nilipovua viatu yalikuwa kwenye vifundo, na nilipofika kwa mzee yalikuwa magotini.

Nilitaka kumbeba mgongoni. Afande labda hajui, lakini kwetu Bukusu mke wa mwana na baba mkwe hawashikani hata mkono wa salamu. Mzee aliinua kiganja akasema, "Mama, usinishike. Tafuta mwanaume." Mwanaume gani, saa hizo? Waume wa mtaa wote wako Nairobi, na Kaloki alikuwa nyumba ya pili akipandisha watoto juu ya tangi. Nilisukuma meza ya kulia hadi kwenye kiti chake, mzee akajivuta mwenyewe juu yake. Maji yakaifuata meza. Nilikasirika na yeye, nikakasirika na desturi, na zaidi ya yote nikakasirika na yule aliyesema angalia juu.

Ndipo nikasikia honi nje ya ukuta wa chini, na sauti ya Meitamei, "Kuna mtu ndani?" Nilitoka nikishika kuta, maji yakafika kifuani. Geti lina tundu la kupitishia mkono wa kufuli. Akapitisha hapo mnyororo aliokuwa ameufunga kwenye pikapu yake, akaniita kwa jina la mtoto wangu. "Mama Cindy, zungusha kwa ile chuma ya ndani, halafu unirudishie." Nilizungusha mara mbili, nikamrudishia ncha, nikashika nguzo ya bembea kwa mikono yote. Yeye hakuvuta. Aliuliza kama nimeshika vizuri. Mimi ndiye niliyesema, "Vuta."

Alivuta. Geti liling'oka pamoja na nguzo yake na kipande cha ukuta, na maji yakashuka mtoni kama kawaida yao. Meitamei akaingia kwa miguu akipingana na mkondo. Akamuuliza mzee, "Baba, nikubebe?" Mzee akakubali, akabebwa mpaka barabarani. Alikuwa akilia. Mimi sijawahi kumwona akilia, hata kwenye matanga ya mkewe.

Jana huyo mtu amekamatwa Bisil, sokoni, mbele ya mifugo yake na watu wanaomheshimu. Asante ya punda ni mateke, lakini hata punda hamwitii mtu polisi. Bwana Gichuru, ambaye siku hiyo hakulowa hata soksi, analalamika juu ya geti. Hajauliza mzee wangu anaendeleaje.

Afande ameniuliza ni nani aliyefunga mnyororo kwenye geti. Ni mimi, Valerie Nakhumicha. Kama ni kosa, tulilifanya wawili, na ninashangaa kwamba mmoja yuko seli na mwingine amepewa kiti na chai. Mwenyekiti alitaka mkaazi aliyeona geti likivunjwa. Amempata.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Nimesomewa, sina la kupunguza.

Sahihi: V. Nakhumicha

Maelezo ya afisa: Nilimwonya shahidi kwamba maneno yake kuhusu mnyororo yanaweza kutumiwa dhidi yake mahakamani. Alisema ndiyo maana ameyatoa. Nilimuuliza kama angependa kuyaondoa, akakataa, na hakugusa chai. Baada yake aliingia shahidi wa pili, Elphas Barasa, mzee mwenye plasta mguuni, akiwa ameushika mkono wa shahidi wa kwanza. Nilitaka kuita konstebo amsaidie kufika kwenye kiti. Mzee alisema hapana, huyu anatosha.

Koplo Jane Mugure