Nilisema Divai Imepita

Bihambwe, siku ya posho, Jumamosi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ikakatika, ikarudi kama muntu aliyesahau kofia yake. Mwili iko muzima. Roho njo iko na kasirani.

Ninajikasirikia mimi mwenyewe. Wengine nitawafikia.

Wewe unayesoma hapa mara ya kwanza, ujue: kwetu, familia ya kijana ikija kuomba binti inaleta pombe, na mbele ya neno lolote muzee mumoja wa nyumba yetu anaionja. Huyo muzee ni mimi. Shule niliiacha mwaka wa tano wa primeri, lakini ulimi wangu uko na diplome. Ninaruhusiwa kusema neno moja kati ya matatu. «Imeiva», tunakaa na kuzungumza. «Bado», mukuye tena siku ingine. «Imepita», pombe imekufa, mubebe bidoni yenu, na habari ya ndoa imekwisha.

Miaka hii yote sijasema «imepita» hata mara moja. Nimeonja kasiksi, pombe yetu ya ndizi, yenye kunuka kama soksi za askari, nikasema «bado».

Leo nimelisema.

Waliokuja ni watu wa Kirolirwe, watu wa ng'ombe. Wanamuombea Josue wao mjukuu wangu Neema. Josue anapika mu hoteli moja ya Goma. Aliyewaongoza ni baba yake mudogo, Papa Fidele, muntu wa heshima, suruali imepigwa pasi hata na hii matope. Mimi nilikuwa ninangojea bidoni mbili za kasiksi. Yeye akaweka juu ya meza fromaji moja nzima, jibini ya maziwa ya kwao, na chupa. Chupa moja, wazee kumi na mumoja. Divai nyekundu ya Ufaransa, ya Bordeaux, na picha ya nyumba kubwa kwenye karatasi.

Hapo njo nilianza kuharibika. Divai mimi ninaijua ya misa tu, na ile Padri anakunywa peke yake.

Kuifungua ilikuwa vita. Kizibo chake ni cha ganda la muti, na chombo cha kukitoa hatuna. Tulikisukuma ndani na mupini wa kijiko, vipande vikaelea. Jirani yangu Papa Bosco, mwenye miwani, akasoma karatasi, akaninong'oneza kwamba hawa watu wametuletea kitu kilichoharibika zamani: 2005, hii hapa, imeandikwa. Na sisi kwa hiyo hatuchezi. Sardini, maziwa ya unga, dawa ya malaria, tumefundishwa kuangalia tarehe mbele ya kutia mu kinywa.

Nikaonja kesi ikiwa imekwisha kukatwa.

Ilikuwa kali, kavu. Ulimi ulikunjamana kama vile nimelamba utomvu wa mugomba. Nyuma yake kukaja udongo wa pori, na ngozi ya kiatu kilichokaa sana mu sanduku. Nikamuangalia Papa Bosco, anabana kicheko. Na mimi ninajijua: muntu akitaka kucheka, ninamusaidia. Nikakohoa, nikashika tumbo, nikasema, «Imepita, tena imezikwa.»

Papa Bosco alicheka peke yake.

Papa Fidele alisimama. Alivaa kofia yake, akashukuru muke wangu kwa viti, akatoka na watu wake mu mvua. Chupa hawakubeba. Hata fromaji hawakubeba.

Nilifikiri Neema atalia. Machozi ningeyaweza, ninajua kuyatania mpaka yakauke. Lakini alitoka jikoni na mikono imejaa unga wa muhogo, akachukua chupa, akaweka kidole juu ya ile nambari.

«Koko, hii haiko mwaka ya kupita. Ni mwaka zabibu zilivunwa. Josue aliitafuta sana, juu njo mwaka yangu ya kuzaliwa.»

Akarudi jikoni.

2005. Nani alienda kumuandikisha kwa parokia wakati anabatizwa? Mimi. Ile nambari niliiandika na huu mukono wangu. Leo nimeikuta kwenye chupa, nikaitangaza mbele ya wazee kwamba imezikwa.

Na Wafaransa nao, wangekosa nini wakiandika «ilizaliwa» hapo pembeni?

Yapata saa kumi, kilauri changu kilikuwa kingali pale mezani, wazi. Nikaonja tena. Nisidanganye hapa: nilitaka iwe mbaya, ili niwe na haki. Nikakata kipande cha fromaji, nikakunywa pole pole.

Ilikuwa imegeuka. Ule ukali ulikuwa umelala chini kama mbwa aliyetambua mwenye nyumba. Kukaja zile tunda nyeusi za miiba, tulizokuwa tunachuma kwenye vilima tukichunga. Kukaja tumbaku kidogo. Halafu utamu mudogo uliobaki mu koo kwa muda murefu kuliko sala ya katekista. Kasiksi ukiiacha wazi inakufa. Hii ilikuwa imebanwa mu chupa miaka yote, ilihitaji tu kuvuta pumzi, na mimi sikuipa hata dakika moja.

Imeiva. Iliyokuwa bado ni kichwa yangu.

Nikapanda kilima mpaka fasi ya rezo, pale simu inashika, nikamuita Papa Fidele. Nilieleza kizibo, nilieleza miwani ya Bosco, nilieleza pumzi. Aliniacha nimalize.

«Papa, lile neno ulilisemea mbele ya wazee wangu. Kwa simu halirudi. Kuya nalo wewe mwenyewe, na pombe yako.»

Maana yake ninaijua vizuri. Nitakaa fasi ya mwenye kuomba, na muzee wao wa ulimi ataonja.

Pombe niliyo nayo nyumbani ni bidoni moja, ya siku mbili, ingali inachemka. Nimeionja mara tatu jioni hii. Ingeletwa kwangu, ningeirudisha. Lakini ingine sina, na nikingojea iive, Neema atangoja nayo, na ile familia itazoea kukasirika.

Kwa hiyo kesho, mbele ya misa, ninapanda pikipiki. Sitamutania muntu. Nitaweka bidoni chini, nitanyamaza, nitaangalia mudomo wa muzee mwenzangu.