Jina Lililokatikia Kwenye Simu

Shangani,
Mtwara.
Ijumaa, 18 Oktoba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Sharifa,

Asalaam aleikum. Kabla ya lolote nataka kujua hali yako, na hicho kifua kinachokusumbua kila baridi ya Bukoba inapozidi. Shemeji Mussa na wanafunzi wake wanaendeleaje? Na watoto, ambao nasikia siku hizi wanatafuna senene kama njugu, wanakua? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mama yangu macho yanazidi kuingia ukungu, ila mdomo wake hauna ukungu hata kidogo, bado anatugombeza sote kwa zamu.

Utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi, tena ndefu. Anakuletea Mathayo, jirani yangu anayefanya kazi bandarini. Anakwenda kwao Bukoba likizo na ataondoka Jumatatu. Nimempa na kifurushi: korosho zilizobanguliwa kwa mkono, nzima si vipande, na kochokocho, yale mabibo makavu uliyokuwa ukiyaiba juu ya bati letu yakianikwa. Ukiona kifurushi kimepungua muulize Mathayo, maana yule bwana akiona korosho mkono wake hautulii.

Sasa ngoja nikutamanishe. Tangu mwaka jana tuna soko la wakulima kila Jumamosi hapa ufukweni, ubavuni mwa bustani. Watu wa Mpapura wanaleta ufuta na mbaazi, wa Nanyamba wanaleta korosho na mabibo mabichi, na wa kwetu Mahurunga wanaleta mchele na muhogo wa bonde la Ruvuma. Mdogo wako Jafari naye ana meza yake ya muhogo. Amekuwa mfanyabiashara, anavaa saa, na akiulizwa bei anatazama kwanza ile saa.

Mimi huenda na tumbo tupu makusudi. Naanza na vitumbua vya moto, naingia kwenye kashata za korosho, namalizia na bakuli la supu ya pweza yenye ndimu na pilipili mpaka jasho linanitoka puani. Kisha najitupa bustanini kwenye benchi la saruji, kivuli cha mivinje, nawaangalia watumishi wa serikali wakipigana picha na watoto wao wakigombania bembea. Ungekuwepo tungesema watu mpaka saa sita.

Umesoma vizuri, nimesema pweza. Unakumbuka harusi ile ya Mpapura nilipokula kipande kimoja tu, uso ukavimba mpaka bwana harusi akadhani nimefiwa, akanipa pole? Sasa nakula bakuli zima na sivimbi. Katika ukoo wetu mtu wa kumaliza bakuli la pweza alikuwa mmoja, mama mdogo Rukia, mama yako, Mungu amrehemu. Huko ndiko barua hii inakoelekea, na mkono umeanza kuwa mzito.

Pale sokoni kuna mama mmoja wa Nanyamba, anaitwa Maria, anauza ming'oko. Huko kwenu hawaijui, waambie wanao ni mizizi ya porini, inachimbwa, inachemshwa na kuliwa na chumvi, na ukianza huachi. Mwezi wa nane nilifika mezani kwake kwa mara ya kwanza. Kabla sijafungua mdomo alinipa fungu lililofungwa kwenye jani la mgomba, akasema ni langu, nimeliacha kwake asubuhi. Nikacheka, nikamwambia asubuhi nilikuwa kitandani. Naye akacheka, akanionyesha chumvi ya mawe imefungwa peke yake kwenye kipande kidogo cha jani pembeni. Alisema mimi mwenyewe ndiye niliyemwelekeza aifunge hivyo, isiguse ming'oko mpaka wakati wa kula. Sharifa, unamjua aliyekuwa akifunga chumvi namna hiyo.

Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata tena. Nikawahi saa moja na nusu, fungu lipo. Nikawahi saa kumi na mbili, Maria ndiyo kwanza anatandika turubai, akaniuliza mbona nimerudi haraka. Kila nikifika, nimeshafika.

Mwezi wa tisa akaniita kwa jina. Nilikuwa nimempa mgongo, mdomo umejaa pweza, nikasikia nyuma yangu, "Rukia, umesahau ming'oko yako." Nikaitika. Niliitika abee, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake, na nilipotambua nimefanya nini nikamgeukia. Nilimuuliza ni nani aliyempa jina hilo. Akasema ni mimi.

Sasa nisikilize vizuri, maana nina kosa kwako. Unajua kwetu mtu akifa jina lake halizikwi naye. Siku ya arobaini mrithi anakalishwa kwenye mkeka, mjomba anamwita kwa jina la marehemu mara tatu, na akiitika zote tatu anakuwa yeye. Watoto wa marehemu wanamwita mama, dada zake wanamwita mdogo wetu, na jina lake la zamani halitajwi tena nyumbani. Jina la mama yako lilikuwa lako, ukiwa binti yake wa pekee. Lakini ulikuwa na mimba kubwa, hukuweza kusafiri, na mimi kiherehere nikasema tutumie simu.

Nilikaa mimi kwenye mkeka, nimekushika mkononi, sauti imefunguliwa wote wasikie. Mjomba Fadhili akaita mara ya kwanza, ukaitika. Akaita mara ya pili, ukaitika huku unalia. Mara ya tatu mtandao ukakatika. Watu wote wanasubiri, pilau linapoa, wageni wana safari ndefu ya kurudi makwao. Nikainamia simu, nikafunika mdomo kwa kanga, nikaitika mimi kwa kuigiza sauti yako. Wakamshukuru Mungu, wakaenda kula. Jioni nilikupigia nikakuambia mambo yameisha salama. Hayakuisha, mdogo wangu.

Nilipomweleza mjomba Fadhili mwezi uliopita hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema jina limegawanyika, nusu liko Bukoba na nusu liko kwangu, na halitakaa hivyo. Aliyeitika moja kwa kuiba ataitwa mbili zilizobaki, na anayeita hachoki. Moja nimeshaitika kwa Maria. Imebaki moja. Njia iliyobaki ni wewe uje, ukae kwenye mkeka mwenyewe, uitwe upya mara tatu mbele ya watu, na mimi nitubu hadharani.

Naogopa, sikufichi. Nalipenda jina langu. Baba alinipa Riziki kwa sababu nilizaliwa mwaka wa njaa na siku hiyohiyo shangazi akaleta gunia la muhogo. Nikiitika hiyo moja iliyobaki, hata mama aliyenizaa hataniita mwanangu tena, ataniita mdogo wangu. Siku hizi napita sokoni nimeziba masikio kwa ncha za kanga, watu wananiona nimechanganyikiwa. Utauliza kwa nini nisiache kwenda. Nilijaribu wiki moja, nikakaa nyumbani. Mchana Jafari alipita kuniuliza kwa nini nilikaa kwenye benchi peke yangu asubuhi nzima na sikuitikia salamu yake.

Mara mbili nimekupigia kukueleza haya, na mara zote mbili simu imekatika nilipofika kwenye jina. Ndiyo maana naandika. Njoo na Mathayo akirudi katikati ya Novemba, nauli tutachanga mimi na Jafari. Shemeji Mussa asije akakucheka kwa mambo ya majina, mwambie tu dada yako anaumwa. Huo si uongo.

Jumapili, 20 Oktoba.

Niliiacha barua hii wazi tangu juzi, nikitaka kukuongezea habari za soko. Habari zenyewe ni hizi.

Jana nilipofika, nilisimama meza ya kwanza kabisa nikanunua kanga mpya ya kijani. Nikaivaa palepale, ile yangu ya siku zote nikaikunja kwenye kikapu. Nilitaka Maria asinifananishe na mtu. Maria aliniangalia juu mpaka chini, akanipa fungu langu, akasema kanga ya kijani imenipendeza tangu asubuhi.

Jafari alikuwa amemleta mama yangu kwa bajaji kutoka Mahurunga. Mama alitaka mabibo, na alitaka kukaa mahali penye upepo. Tukakaa watatu kwenye benchi bustanini. Mabibo yalikuwa matamu, maji yakitiririka mpaka viwikoni, na kwa muda kidogo nikasahau hofu yangu. Nikafungua jani nikaanza kummenyea mama ming'oko. Jafari akaacha kutafuna. Alisema polepole kwamba marehemu mama yenu alikuwa akimenya vile, kwa ukucha wa kidole gumba, kuanzia kwenye ncha. Mimi humenya kwa kisu, wewe unajua, na kisu kilikuwa kikapuni.

Mama akanigeuzia uso, na yale macho yake yenye ukungu.

"Rukia," akasema.

Nikanyamaza. Nikatazama maganda miguuni pangu. Watoto waliokuwa wakipiga kelele kwenye bembea nao walikuwa wamenyamaza, sijui kwa nini, na bembea zilikuwa zimesimama.

"Nakuita kila siku tangu ulipoondoka, mdogo wangu. Nimechoka kuongea na ukuta. Leo usininyamazie."

Sharifa, ningeweza kuinuka. Miguu nilikuwa nayo. Ningeweza kusema, mama, mimi ni mwanao Riziki, macho yamekudanganya. Lakini sijapata kumwona mtu akingoja jibu namna ile, mkono umeshika goti langu. Miaka miwili tangu mazishi mama amekuwa akitugombeza, na kumbe muda wote alikuwa akimsikilizia mdogo wake. Nikaona nikikataa, nitamfia mara ya pili mbele ya macho yake. Roho iliniuma kwa ajili yake kuliko nilivyojihurumia mwenyewe.

"Abee, dada," nikaitika.

Hakuna kilichotikisika, sitakudanganya. Watoto wakaendelea na bembea zao, muuza juisi ya ukwaju akapita na ndoo yake. Mama alikula ming'oko yote. Akaanza kunikumbusha siku tulipovuka Ruvuma tukiwa wasichana, kwenye mtumbwi uliokuwa ukivuja, tukichota maji kwa sufuria kuyatupa nje. Nikamwambia haikuwa sufuria, ilikuwa kofia ya baba, na tulichapwa kwa ajili yake. Alicheka mpaka akashika mbavu. Ni kweli ilikuwa kofia. Naiona, nyekundu, na ukingo wake umeraruka upande mmoja.

Tulipoinuka kuondoka, alisimama akageuka kulitazama benchi, kama mtu aliyeacha kitu. Akamuuliza Jafari, "Riziki hatumsubiri?"

Jafari aliniangalia, akainama kuokota kikapu. Nikamwambia dada kwamba Riziki ametangulia.

Basi mwanangu, usihangaike tena na safari kwa ajili ya mkeka. Ukija, njoo kula. Hicho kifua kikandwe kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, na kitambaa cha pamba juu yake, kama nilivyokuwa nikikukanda ulipokuwa ukikohoa usiku kucha na baba yako akitembea uani. Usikivumilie, umekuwa na tabia hiyo tangu utotoni.

Nisalimie sana mkwe wangu Mussa, na wajukuu zangu uwabusu mmoja mmoja. Mdogo wako Jafari anakusalimu, ingawa tangu jana haongei sana. Mjomba wako Fadhili anakusalimu. Mama yako mkubwa anakusalimu, na leo ameamka akiimba. Mungu akulinde huko ziwani, awakuze watoto wako mikononi mwako, na akujalie usingizi mtulivu, usiitwe na mtu ndani yake.

Na ukiinua mikono kuomba dua, mtaje na Riziki. Alikupenda sana.

Wako akupendaye,
mama yako,
Rukia.