Hamira ya Sinyati Siyo Gongo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Patrisi Sironka
Umri: Miaka 43
Kazi: Mkusanya mafuta machafu, zamani mpishi wa safari, Wajerumani na Wajapani wote wananijua
Makazi: Karatu

Mnamo tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, nilikuwa uani kwa Sinyati nikishusha ndoo za mafuta yaliyokwisha kukaangia, niliyoyatoa majikoni kwenye loji za Ngorongoro. Sinyati ni bosi wangu, msomi kutoka kijiji cha Oloipiri. Mafuta hayo anailisha hamira ndani ya pipa. Hamira ili iyale inatoa vimeng'enya vya kuyakatakata. Sisi tunavichuja vimeng'enya hivyo, tunalowekea ngozi za kondoo ambazo akina mama wa kwao walikuwa wanazitupa kwa kujaa mafuta. Sasa mafuta yanatoka, wanazishonea mikoba. Mzungu gani kaniletea akili hiyo? Hakuna.

Waliingia askari wawili. Mmoja akanusa pipa, akasema, "Hii gongo."

Nikamwambia, "Afande, gongo nimeinywa Wasso, nimeitapika Digodigo. Mtambo wake uko wapi hapa? Nani anapika pombe kwa mafuta ya chipsi?"

"Mzee, punguza mdomo."

Sikupunguza.

Getini alisimama Yasini, muuza chipsi. Zamani mafuta hayo nilikuwa nampa yeye, anakaangia tena mpaka yanakuwa kama lami, nikamkatia. Nikamuuliza, "Wewe ndiye umetuchomea?" Akajibu, "Kaka, na mimi nina watoto." Watoto wake waje wale kwangu, hata leo. Mafuta simpi. Afande, andika hivyohivyo.

Sinyati alipakiwa garini pamoja na pipa. Hakulia. Alisema tu, "Kaka Patrisi, ikikosa hewa itakufa." Mbegu yote ya hamira aliyohangaika nayo miaka mitatu imo humo, na pampu ya hewa ilibaki uani.

Nimeulizwa kama nakubali ile ni pombe. Sikubali, hata mkinilaza ndani na viatu vyangu. Pampu nimekuja nayo, hii hapa kwapani. Soketi naiona pale, ina chaja ya simu. Pampu isipochomekwa, sisaini hata maneno yangu mwenyewe.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Nimesomewa, na sirudishi neno.

Sahihi: P. Sironka

Yameandikwa nami, Koplo Goodness. Shahidi alisaini baada ya chaja yangu kuchomolewa. Kielelezo, pipa moja, kinapuliziwa hewa ofisini kikisubiri mkemia. Mtuhumiwa, Sinyati, ameomba kukaa benchi la karibu nacho. Nimemruhusu.