Binti Uliyemtaja kwenye Meza ya Maji

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka, na karakana yako ya kuchomelea bado tunaifungua kwa funguo zako. Ule mlango uliozoea kuukaripia kwa kukwaruza bado unakwaruza. Milango ya mtaa mzima uliirekebisha, wa kwako ukauacha. Mganga hajigangi.

Ulikuwa mtu wa huruma, hilo hatukunyang'anyi. Jirani akikwama, ulikuwa umeshavaa viatu kabla hajamaliza kueleza. Chai uliinywa ikiwa moto wa kuunguza, na sisi tuliopuliza vikombe ulituita mabwana harusi.

Kila mwaka, siku ya matembezi ya hisani ya kuwaelimisha watu juu ya hatari za ujauzito, uliamkia huko kujitolea kwenye meza ya maji. Tukikuuliza mwanamume mzima unatafuta nini, ulicheka: "Nafuata fulana ya bure." Ukirudi, Mama aliifua fulana hiyo, akaipiga pasi, akaikunja.

Siku ya maziko yako, muuguzi anayesimamia matembezi alisimama kutoa rambirambi. Akasema, "Mzee huyu alikuwa akiwapa watu maji huku akiwasimulia habari za binti yake wa kwanza. Alisema, 'Mke wangu alivimba miguu, kichwa kikamuuma, mimi nikamwambia apumzike tu, itapita. Kumbe ni presha. Mtoto akafia tumboni. Nyinyi msingoje, wahini hospitali.'"

Binti yupi? Tuligeuka kumtazama Mama. Aliinamisha kichwa.

Wageni walipoondoka ndipo alipotuambia. "Baba yenu alinikataza nisimtaje humu ndani. Alisema yaliyopita si ndwele. Nikameza, miaka yote hii. Nilidhani anakwenda kumimina maji tu. Kumbe mimi kaniziba mdomo, wa kwake anaufungulia barabarani."

Ulitusaliti, Baba. Tunalisema hadharani kwa kuwa nawe ulisema hadharani. Wapita njia walimjua dada yetu, sisi tuliokula nawe sahani moja hatukumjua. Tunaelewa kwamba ulijilaumu. Huenda wapo kina mama walio hai leo kwa sababu ya maneno yako, na tunafurahi kwa ajili yao. Lakini wa kwanza kuambiwa "nilikosea" alipaswa kuwa Mama, na umeondoka hujamwambia. Hilo linatuuma kuliko kifo chenyewe.

Mwaka huu matembezi yapo tena. Mama amesema fulana yako hataifua, ataivaa. Atasimama pale pale kwenye meza ya maji, na habari za mwanawe atazisimulia mwenyewe.

Unakumbukwa na mkeo. Na mwanao wa pili, uliyezoea kumwita kifungua mimba. Na wadogo zake, wakwe zako na wajukuu zako wote.

Tutakukumbuka daima, na dada yetu pamoja nawe.