Kengele Imerudi Stesheni

Dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute wewe na shemeji mkiwa wazima. Goti lako linaendeleaje? Binti yangu aliniambia siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi. Sisi huku hatujambo, na safari hii nikisema hatujambo, niamini.

Najua umeninunia. Kila ulipopiga simu sikupokea, nikakutumia maandishi, ukadhani nina kiburi. Sikuwa na kiburi, dada. Sikuwa na sauti. Ilianza kidogo kidogo: kila asubuhi nilihisi kama punje ya mahindi imenikwama kooni. Nikimeza haishuki, nikikohoa haitoki. Nilikuwa nikikwaruza koo kutwa, mpaka wenzangu wa stesheni wakawa wanajua ninakuja kabla hawajaniona. Jina walilonipa tangu nilipoanza kutangaza treni unalijua. Basi Kengele ikapasuka. Siku moja nilitangaza treni ya saa nne, wengine wakasikia saa nane, wakaenda zao mjini. Waliporudi walinikuta nimejificha nyuma ya pazia. Mkuu wa stesheni akanihamishia chumba cha mizigo, mahali pasipohitaji mdomo. Alisema nami kwa upole, na upole ule ndio ulioniliza.

Mwishowe binti yangu alinishika mkono mpaka kwa daktari wa koo. Daktari alinipitishia mpira mwembamba wenye taa puani, akachungulia, kisha akaniuliza mambo ya tumbo: nakula saa ngapi, nalala saa ngapi, kahawa vikombe vingapi. Nikamwambia nikitoka kazini nimechoka, najaza sahani, namaliza, najitupa kitandani.

“Mama,” akasema, “koo lako linaonewa tu. Tindikali inapanda kutoka tumboni na kuliunguza.”

Nilimbishia kwamba sina kiungulia. Akanieleza kuwa kwa wengine hupanda kimyakimya, bila kiungulia. Akanipa vidonge vya kumeza kabla ya kifungua kinywa, akaniamuru nile masaa matatu kabla sijalala, kitanda kiinuliwe upande wa kichwani, kahawa niiage, na kila nikitaka kukwaruza koo ninywe funda la maji. Binti yangu akaweka magogo chini ya kitanda. Siku za kwanza niliamka nimeteleza mpaka miguuni kama gunia. Wiki tatu zikapita, punje iko palepale, nikataka kuvitupa vidonge. Daktari akasema koo hupona kwa mwendo wa kobe. Wiki ya saba nilikuwa nakunywa uji, nikagundua ninameza tu, kama watu wengine.

Jumatatu iliyopita treni mbili zilibadilishiwa majukwaa dakika za mwisho. Mtangazaji aliyeshika nafasi yangu akababaika, watu wakaanza kusukumana. Mkuu wa stesheni alikuja mwenyewe chumba cha mizigo, akaniomba nikatangaze. Nilipanda ngazi hadi chumba cha matangazo, nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Nilitangaza mara mbili tu. Umati wote ukageuka kama mtu mmoja, na hakuna aliyeachwa. Wapagazi waligonga mikokoteni yao kunishangilia. Nafasi yangu nimerudishiwa.

Sasa lipo nililokuficha. Uliponisihi niende hospitali, nikakujibu nimekwenda na kuambiwa ni mafua, nilikudanganya. Miezi minane nilikudanganya. Koo ndilo lililomwondoa mama yetu, nami niliogopa kuambiwa neno lilelile: saratani. Nilikuwa na hakika nakufa, kiasi kwamba nilijifungia chumbani nikarekodi kwenye simu maneno ya kumuusia binti yangu siku ya harusi yake. Nilikusudia kukutumia wewe uyatunze.

Jana niliyasikiliza. Sauti inakwaruza, inatia huruma, na nusu ya maneno hata mwenyewe sikuyaelewa. Nimeyafuta. Siku hiyo ikifika nitasimama mimi, na kipaza sauti wakampe mwingine.

Nisamehe, dada. Msalimie sana shemeji na wanao. Jumapili nitapiga simu. Safari hii tutaongea mpaka uchoke wewe.

Ndimi mdogo wako,
Kengele